Fundi Machibya na Cheche Iliyofifia Njiani

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana wanaonifahamu wakiona nimeliruka watasema mzee Kasmiri amezidi ujanja. Siku ya kwanza nilipompelekea fundi Machibya pikipiki yangu, nilimwita kiziwi mbele ya watu. Wala sikunong'ona. Nilitumia sauti hii hii niliyojaliwa, ya kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto, nikauliza ni nani mwenye akili timamu anayempelekea kiziwi injini, ataisikiaje? Watu waliokuwa nyuma ya soko la Bariadi wakacheka. Machibya alikuwa ameinama anakaza gurudumu la mkokoteni, hakugeuka. Mkewe, Elizabeth, aliyekuwa akiuza maandazi pembeni, ndiye aliyenitazama, na jicho lile sijalisahau.

Ilikuwa mwaka 1994, na mimi nilikuwa nimeikasirikia dunia nzima. Miaka kumi na minane nilikuwa bwana mifugo wa serikali. Nilikuwa na sare, nina usafiri wa ofisi, nina dawa ya kuogeshea ng'ombe inayoletwa kwa lori hadi joshoni. Halafu tukaambiwa sasa ni soko huria. Majosho yakakauka, lori likawa haliji, na barua ya kupunguzwa kazini ikanifikia Ijumaa mchana, kama vile walitaka nipate Jumamosi na Jumapili nzima ya kuisoma. Nikaambiwa nikajitegemee. Haya, nikajitegemea. Idara ilipouza mali zake chakavu nikanunua pikipiki moja ya Kiingereza iliyoundwa kabla ya Uhuru, nzito kama fahali, tangi jeusi, taa moja kubwa mbele, nikaanza kuzunguka vijijini kuchanja ng'ombe wa watu kwa kazi yangu mwenyewe.

Chanjo nilikuwa naibeba ndani ya chupa kubwa ya chai iliyojaa barafu. Barafu nilikuwa napewa na masista wa misheni, ambao friji yao ilitumia mafuta ya taa. Hiyo barafu ndiyo ilikuwa saa yangu. Ikiisha kuyeyuka kabla sijafika, chanjo imeharibika, na mtu akichanjia chanjo iliyoharibika ni sawa na kumdunga ng'ombe maji.

Sasa sikia vituko vya ile pikipiki. Asubuhi unapiga kiki moja tu, inaitika. Unaondoka vizuri, unasalimia watu, unajiona mtu. Ukifika kilomita kama thelathini, jua limepanda, injini imepata moto, inaanza kukohoa. Inapoteza nguvu, inapiga risasi kwenye ekzosi, mbuzi wanakimbia, halafu inazima. Piga kiki mpaka goti likuume, wapi. Kaa chini ya mgunga saa mbili tatu ipoe, inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Niliipeleka kwa fundi Josia, kijana hodari wa pale stendi, akasema plagi. Akabadilisha. Ikazima njiani. Akasema koili. Akabadilisha koili. Ikazima njiani, karibu na mahali pale pale. Akafungua platini, vile vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke kwenye plagi, akavipiga msasa vikang'aa, akafunga. Ikawaka kwa kiki moja pale pale gereji, akanipa mkono, akasema imepona, Bwana Mifugo. Ikazima njiani. Hapo nikamrudia Josia na maneno ambayo siwezi kuyaandika, nikatangaza mji mzima kwamba mafundi wa Bariadi wananihujumu.

Kama ingekuwa ni mimi tu ninayetembea kwa miguu, ningevumilia. Tatizo lilikuwa Nyamizi. Huyu alikuwa mjane wa Mwandoya, kule Meatu, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye maneno machache. Mumewe alimwachia zizi zuri la ng'ombe, na tangu siku ya matanga shemeji zake walikuwa wanasema ng'ombe wengi namna ile hawawezi kukaa mikononi mwa mwanamke, watakwisha. Walikuwa wanangoja tu waonekane wanakwisha. Mwaka ule chambavu ikaingia Mwandoya. Chambavu ni ugonjwa wenye roho mbaya, unachagua ndama walionona. Jioni ndama anaruka ruka, asubuhi paja limevimba, ukilibonyeza linachakarika ndani kama karatasi, mchana amekufa. Dawa yake ni chanjo, na kuwahi.

Safari yangu ya kwanza kwenda kwake pikipiki ilizima, barafu ikayeyuka, nikamwaga chanjo majanini na kurudi. Wiki hiyo wakafa ndama wanne. Safari ya pili ikazima tena. Wakafa saba. Nikamtumia salamu kwamba mafundi wananihujumu. Yeye akanitumia mtu na maneno haya: Jumamosi ndama waliobaki watakuwa zizini tangu asubuhi, na shemeji zangu wamesema nao watakuwepo. Ukishindwa kufika safari hii, watawaswaga wote, ng'ombe na ndama, na mimi sitakuwa na neno la kuwajibu. Mimi nikajibu nitafika. Ningejibu nini kingine? Basi lilipita njia ile mara moja kwa juma, na siku yake haikuwa Jumamosi.

Ndiyo maana Ijumaa ile nilikuwa nyuma ya soko nikimtukana mtu aliyekuwa tumaini langu la mwisho.

Machibya alizaliwa upande wa Maswa, na akaingia kiwanda cha kuchambua pamba akiwa kijana asiye na ndevu. Alikaa humo miaka kumi na tisa akitunza injini na mitambo. Wewe hujawahi kusimama ndani ya kiwanda cha pamba msimu umekolea? Unaongea na mwenzako puani kwake na hakusikii. Miaka kumi na tisa ya namna hiyo, masikio yakaondoka kidogo kidogo, na mwenyewe aliniambia hakujua yameondoka lini, aliona tu watoto wake wameanza kumvuta shati badala ya kumwita. Mambo ya soko huria yalipokuja, mitambo ikasimama, watu wakatawanywa. Yeye akamfuata mkewe kwao Bariadi, akaezeka kibanda kwa madebe yaliyonyooshwa, akaanza na baiskeli na mikokoteni kwa sababu hakuna aliyemwamini na injini. Ni kweli, hata mimi nimeshakiri, tulikuwa wengi wenye akili ya namna ile. Leo Bariadi ni mji mkubwa, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, bodaboda kila kona, na wenye bodaboda wenyewe hawajui kwamba ile tabia ya mafundi wao kuuma mpini wa bisibisi ilianzia pale kwenye kibanda cha madebe.

Maana ndivyo alivyofanya mbele yangu siku ile. Elizabeth alimgusa bega, akanionyesha kwa kidole. Akaja, akaniambia habari za saa hizi mzee, kwa sauti ya chini sana kama ya mtu aliye kanisani. Nikaanza kumweleza kwa kupayuka. Elizabeth akanikatiza, akasema nimtazame mumewe usoni na niongee polepole, kelele zangu hazimsaidii mtu, ila wateja wake wa maandazi zinawafukuza. Nikanywea. Nikaongea polepole. Machibya alinitazama mdomo kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, na ninakuapia, katika mafundi wote niliowaendea, huyo ndiye wa kwanza kunisikiliza mpaka nikamaliza.

Akaniambia niiwashe. Akaweka kiganja kwenye tangi, akafumba macho. Halafu akachukua bisibisi yenye mpini wa mti, ncha akaigandamiza kwenye injini, mpini akauuma kwa meno. Akatulia hivyo muda mrefu, mate yanamtoka, watu wanatazama. Akauachia. Akasema injini ni nzima, pumzi yake nzuri, vyuma vya ndani havijachoka. Nikamwuliza amejuaje. Akajigonga jino.

Kisha akatoa plagi, akailaza juu ya injini ikiwa bado kwenye waya wake, akajifunika yeye na plagi kwa koti zito la mvua, akaniambia nikanyage kiki. Nje jua linawaka, cheche haionekani vizuri, huwezi kujua rangi yake, ndiyo maana ya koti. Nikakanyaga. Akatoa kichwa, akasema bluu. Akaweka msumari badala ya plagi, akauacha mbali na chuma kwa upana wa punje ya mtama. Cheche yenye afya, alisema, lazima iruke punje ya mtama, kwa sababu ndani ya injini kuna mgandamizo, na cheche inayoruka kirahisi huku nje inaweza kushindwa kule ndani. Ikaruka. Mwisho akashika waya kwa kidole chake mwenyewe na kuniambia nikanyage tena. Alipigwa shoti mpaka kiwiko kikaruka, uso haukukunjamana hata kidogo. Akasema nzuri.

Akafungua na kifuniko cha platini. Platini zilikuwa safi, Josia alikuwa amezipiga msasa tena siku mbili zilizopita, na tangu hapo sikuwa nimekwenda mbali. Chini ya kifuniko kulikuwa na gasketi ya ngozi, akaigusa, akasema ngozi nzuri. Hapo nikavimba kichwa. Nikamweleza kwamba gasketi ya kizungu ilikuwa imeoza ikawa unga, na kwamba hii niliikata mwenyewe kwenye ngozi ya ndama, nikailoweka kwenye samli siku tatu kama alivyokuwa akifanya marehemu baba, na kwamba kila Jumapili naifungua na kuipaka nyingine isikauke, vumbi lisipite. Baba yangu alikuwa mtengeneza ngozi, Mwamanyili nzima wanajua. Machibya akainamisha kichwa kwa heshima. Akafunga.

Nikamwuliza ugonjwa ni nini. Akasema haina ugonjwa.

Aisee, hasira zilinipanda mpaka nikaona giza. Nikasema nimezungushwa na wenye masikio, sasa nazungushwa na asiye nayo. Alinitazama mdomo mpaka nikamaliza na hilo pia. Halafu akasema maneno ambayo nimeyarudia mara nyingi tangu siku hiyo.

"Mzee, sasa hivi imelala. Wote wameipima ikiwa imelala. Mimi nataka niione inavyokufa."

Nikamwambia inakufa kilomita thelathini kutoka hapa, na safari iliyobaki ni ya kesho tu, na chanjo ni hiyo hiyo moja, sina nyingine. Akasema basi ni kesho. Atakaa nyuma. Nikamwuliza je, tukifika huko ikafa na asijue ugonjwa? Akafikiri, akasema hapo tutakuwa tumekosa wote wawili. Fundi gani anaongea hivyo? Wengine wote walikuwa wameniahidi. Nilirudi nyumbani nimenuna, na nikakubali kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Jumamosi masista walifungua friji saa tatu. Tukaondoka, mimi mbele, Machibya nyuma na mfuko wake wa vifaa, chupa ya barafu katikati yetu. Jua lilikuwa tayari kali. Kwa zaidi ya saa nzima pikipiki ilikwenda kama harusi. Halafu nikahisi anagonga bega langu. Akasema inaanza. Mimi sikusikia kitu, nikasema haijaanza. Hazikupita dakika mbili ikakohoa. Makalio ya yule mtu yalikuwa yamesikia kabla ya masikio yangu. Nikataka kusimama, akanizuia, akasema endelea, iache ife yenyewe. Ikaenda ikichechemea, ikipiga risasi, mpaka ikazima kwenye uwanda mtupu, hakuna nyumba, hakuna mti wa maana. Ilikuwa saa nne na nusu. Nikatikisa chupa, barafu ikalia vizuri, lakini nilijua kwa joto lile saa nane haitakuwepo.

Machibya hakuharakisha. Hilo ndilo lililoniua. Alijifunika koti lake katika jua lile, akaniambia nikanyage. Akatoka jasho linamchuruzika, akasema nyekundu, nyembamba. Akaweka msumari kwa upana wa punje ya mtama. Cheche haikuruka. Kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu kulikuwa na mtu anayeuona ugonjwa wangu ukiwa macho.

Akabadilisha plagi, akaweka mpya. Cheche ikabaki nyekundu, basi si plagi. Akaigusa koili kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyompima mtoto homa. Akachukua maji yetu ya kunywa, akalowesha kitambaa, akaizungushia koili mpaka ikapoa. Nilitaka kumzuia maana kiu ilikuwa inanibana, nikajikaza. Akanikanyagisha tena. Bado nyekundu. Akasema koili ni nzima, fundi wako alikubadilishia nzima kwa nzima. Kila kitu kimoja alikigusa, akakiacha kiseme, akakiondoa kwenye orodha yake ya kichwani. Mimi nilikuwa nazunguka pikipiki kama fisi, naangalia jua, nahesabu ndama wa Nyamizi.

Akashika kifuniko cha platini. Akalegeza skrubu ya kwanza, kabla hajagusa ya pili akasimama. Pua yake ikacheza. Akainamisha uso pale, akanusa. Akafungua haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya lolote. Akaingiza kidole, akakitoa kinang'aa. Akakinusa, akakiweka ncha ya ulimi. Akaninyooshea kile kidole mimi.

Nikanusa. Ilikuwa samli. Ilinuka jiko la mama yangu.

Nikachungulia ndani. Ngozi yangu nzuri ilikuwa inatoa machozi. Samli iliyokuwa imeganda asubuhi, kimya, mahali pake, sasa ilikuwa imeyeyuka kwa moto wa injini, ikatiririka mpaka kwenye platini, ikaingia katikati ya vile vidomo viwili na kuungua ikawa masizi meusi. Umeme unapita wapi kwenye mafuta na masizi? Cheche inafifia, injini inazima. Ukiiacha ipoe, samli inaganda, kinachobaki kinatosha kuwasha. Josia anapiga msasa, inang'aa. Jumapili mimi naipaka nyingine kwa upendo. Machibya alinieleza hayo kwa maneno machache, anaonyesha kwa kidole, kisha akaongeza kwamba hata yeye jana aliigusa na kuisifu. Kwetu Usukumani kila ngozi inapakwa samli, ngoma, viatu, kamba, ala za visu. Tumeiona tangu utotoni, nani angeitilia shaka?

Alitaka kunipunguzia. Haikusaidia. Nilikaa chini vumbini, mtu mzima, nikahisi aibu inanipanda kutoka miguuni. Ndama kumi na mmoja. Josia niliyemtukana mbele ya mji. Na mkono uliowaua ndama ni huu hapa uliosomea kutibu ng'ombe, na kwa kitu kilichotoka kwa ng'ombe. Nilijichukia, siwezi kusema vingine.

Machibya aliniacha nikae kiasi, halafu akanivuta mkono, akanionyesha jua. Akaosha platini kwa petroli, akazifuta kwa kipande safi cha kanga alichopewa na Elizabeth, akazisugua kwa tupa nyembamba, akazifuta tena. Nafasi kati yake aliipima kwa karatasi ngumu ya pakiti ya sigara, ikipita kwa kubana kidogo ndiyo sawa. Gasketi mpya akaikata kwenye boksi la chanjo yangu, kwa wembe, kwenye goti lake. Mimi nilitaka kuitupa ile ngozi porini. Akaninyang'anya, akaikunja, akasema ngozi nzuri, itafaa kwenye kiatu. Akajifunika koti. Nikakanyaga. Akatoka anacheka, meno yote nje, akasema bluu.

Haikukohoa tena. Niliisikiliza njia nzima kama mtu anayesikiliza mtoto mgonjwa akipumua, na kila baada ya muda nilimwuliza Machibya kwa kugeuza uso, naye anasoma mdomo na kuitikia kwa kichwa kwamba iko sawa, tangi liko sawa, endelea. Tulipolikaribia zizi la Nyamizi akaishika chupa ya barafu kwa viganja viwili na kuitikisa. Hakuweza kuisikia, lakini aliyahisi mabonge yakigonga ndani. Akanionyesha vidole vitatu. Nilipofungua nilikuta mabonge matatu kweli, makubwa kama mayai ya kuku, na chupa za chanjo baridi katikati yake.

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi. Shemeji zake wawili walikuwa wamekaa kando na fimbo zao za kuswagia, na kamba mpya mabegani. Nikamsalimu kwa Kisukuma, mwadila, mayu, kama tunavyomsalimu mama. Akaitikia. Macho yake yakatoka kwangu yakaenda kwenye pikipiki, yakaenda kwa Machibya. Akamwuliza yeye, si mimi.

"Fundi, ilikuwa inaumwa nini?"

Machibya alikuwa anamtazama uso kwa uso. Siku nzima mtu huyu alikuwa amesoma mdomo wangu kwa upande, nikiwa naendesha, vumbi limetujaa. Akainama, akaanza kufunga kamba ya mfuko wake. Nyamizi akangoja. Shemeji mmoja akasema labda ni wale mafundi wa Bariadi, si Bwana Mifugo alisema wanamhujumu? Machibya akaendelea na kamba yake.

Ningeweza kusema koili. Ningesema uzee wa mashine, na hakuna mtu pale ambaye angejua.

"Ni mimi, mayu," nikasema. "Mafundi hawana kosa. Nilipaka samli mahali pasipotakiwa samli. Mara zote mbili ilizimwa na mkono wangu."

Shemeji mmoja akakohoa, na nikajua amepata cha kusimulia mwaka mzima. Nyamizi alinitazama muda mrefu, na mimi nikajilazimisha nisitazame chini.

"Waliokufa ni kumi na mmoja," akasema. "Waliobaki ni thelathini na wawili. Anza na huyu mwekundu."

Machibya akaweka mfuko chini, akaruka uzio, akamkamata yule ndama mwekundu shingo na mkia. Tuliwachanja wote thelathini na wawili kabla bonge la mwisho la barafu halijaisha. Msimu ule wa mvua hakufa hata mmoja. Wale shemeji waliondoka jioni ile na kamba zao mpya mabegani kama walivyokuja nazo, na ng'ombe wa Nyamizi niliwachanja mimi kila mwaka, na kila mwaka aliniuliza kwanza kama nimepaka samli.

Jumatatu nilikwenda stendi nikamwomba Josia radhi mahali pale pale nilipomtukania, kwa sauti ile ile. Lakini kabla ya hapo, siku ile ya Mwandoya, tukiwa njiani tunarudi, kuna jambo lilikuwa linanikereketa. Nikasimamisha pikipiki. Nikageuka nikamtazama Machibya usoni ili aone mdomo vizuri, nikamwuliza kama lile swali la Nyamizi hakulielewa.

Akasema aliliona. Yeye maneno husema ameyaona.

"Sasa mbona hukujibu?"

"Mzee," akasema, "mimi uliniita nije kutengeneza pikipiki."